Waliosoma sekondari yetu wakajulikana: majina yanathibitishwaje kabla ya kubandikwa ukutani?

MwalimuWaKata

Wakuu, shikamooni wakubwa, na habari kwa rika langu.

Shule ni sekondari ya kata pembezoni mwa Jiji la Dodoma, ilifunguliwa 2006 wakati wa MMES, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Bodi imepitisha uwekwe ubao wa majina ya waliosoma hapo na sasa wanajulikana, kwenye baraza la jengo la utawala. Tangazo limepita kwenye magrupu ya wahitimu, yamerudi majina 41. Ndani yake yumo diwani, wachezaji mpira wawili, mtangazaji wa redio, msanii ambaye wenzake wanasema alikaa mihula miwili tu, mtu aliyefanyia mtihani pale lakini hakuna mwalimu anayemkumbuka darasani, na mwalimu wa kujitolea ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi. Juu ya hayo, wazee wa kata wanashauri tuongeze waliosoma Mazengo, sekondari ya zamani ya hapa Dodoma, kwa hoja kwamba Mazengo haipo tena na wale "ni watoto wa hapa hapa".

Naomba kujua ushahidi gani unatosha kusema fulani alisoma hapa, hao wa Mazengo tuwaingize au tuwaache, mwenye jina aombwe ruhusa au hapana, na ubao utengenezwe kwa kitu gani usipauke kabla ya mahafali yajayo. Fungu ni dogo, kwa hiyo msinitajie marumaru.

---

KaraniMasjala

Mwalimu, grupu linakupa fununu tu. Ushahidi uko kwenye kabati la ofisi ya makamu mkuu wa shule, katika vitabu vitatu, na uvipekue kwa mpangilio huu.

Anza na rejista ya kuandikisha wanafunzi. Kila mstari una namba ya uandikishaji, majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi alikotoka, mzazi au mlezi, tarehe ya kuingia, na mwisho kabisa tarehe ya kuondoka na sababu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo unayoihitaji kuliko zote, na ndiyo shule nyingi huiacha wazi. Ikiwa imejazwa utakuta "amehitimu", "uhamisho" au "utoro". Msanii wako wa mihula miwili atapatikana hapo: ana namba, ana tarehe ya kuingia, na pengine neno "uhamisho". Huyo alisoma, hakuhitimu. Ubaoni aandikwe "alisoma 2011", asiandikwe "mhitimu".

Kitabu cha pili watu hukisahau: daftari la kuchukulia vyeti. Anayekuja kuchukua cheti cha kidato cha nne huandika jina, namba ya mtahiniwa, tarehe, kisha anatia saini. Huo ni mwandiko wa mwenyewe, na unakuonyesha jina alilokuwa akilitumia siku ile. Mara nyingi pembeni kuna namba ya simu pia. Itumie kumtafuta, ila usiigawe kwenye grupu.

Cha tatu ni matokeo yaliyofika shuleni yakiwa na majina ya watahiniwa. Yale ya mtandaoni hayatakufaa peke yake, kwa sababu yanaonyesha namba, jinsi, pointi, divisheni na alama za masomo, bila jina.

Sasa jifunze kuisoma namba yenyewe. Chukua mfano wa kubuni, S9999/0056/2009. S na tarakimu zake nne ni kituo, 0056 ni mtahiniwa, 2009 ni mwaka. Hapo kuna mitego mitatu.

Namba ikianzia P badala ya S, huyo ni mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuja kufanyia mtihani kwenye majengo yenu, pengine kwa wiki tatu tu, akaondoka. Nina hakika yule ambaye walimu hawamkumbuki ni wa kundi hili. Hasemi uongo akisema "nilimalizia pale", lakini hakuwa mwanafunzi wenu na rejista haitamtaja.

Mtego wa pili: namba ya usajili wa shule iliyotolewa na wizara na namba ya kituo cha mtihani ni vitu viwili, na mara nyingi hazifanani. Ukitafuta matokeo kwa namba ya usajili unaweza kutua kwenye shule ya mkoa mwingine kabisa na ukaanza kubishana na watu bure.

Wa tatu: katika shule ya mchanganyiko wasichana hutangulia kuorodheshwa, ndipo wavulana, kila kundi kwa alfabeti. Mwanaume akikuletea namba yenye 0004 kwa mwaka ambao mlikuwa na wasichana arobaini, omba kukiona cheti chenyewe.

Kuhusu ufaulu, kidato cha nne cha 2014 kilitolewa kwa mfumo wa GPA wenye Distinction, Merit, Credit na Pass, kisha divisheni zikarudi. Kwa hiyo mhitimu wa 2014 asiyetaja divisheni hajakosea. Na anayedai alikuwa "kumi bora kitaifa", mwulize ni mwaka gani. Kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, NECTA (Baraza la Mitihani) iliacha kutangaza shule na watahiniwa bora, kwa hiyo dai la kuanzia hapo halina pa kuthibitishwa. Kwa maoni yangu alama zisiguswe kabisa. Ubao ni wa watu, si wa divisheni.

Majina ndiyo yatakayokuchosha. Yohana wa kwenye rejista ni John wa kwenye cheti, na Mariamu ni Mary. Kuna ambao jina la babu liliandikwa mwisho na leo wanatumia la ukoo, na wanawake walioolewa wakachukua jina la mume. Usiamue kwa kufanana kwa sauti. Linganisha vitu vitatu: tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi alikotoka, na jina la mzazi. Viwili vikikubali, endelea kuuliza. Vitatu vikikubali, funga faili. Kama alibadili jina kisheria atakuwa na hati ya kubadili jina, mwombe nakala.

Kabla hamjaanza kupekua, pigeni picha rejista zote. Vitabu vya 2006 vimeshikwa na mikono mingi, na karatasi za pembeni ndizo hutoka kwanza. Weka daftari mezani karibu na dirisha ili mwanga uingie kutoka upande mmoja, laza simu juu ya vitabu viwili vilivyoachana ili lensi itazame chini wima, piga ukurasa mmoja mmoja badala ya kurasa mbili kwa pamoja, na usitumie flashi kwa sababu wino wa kalamu ya bluu hung'aa ukapotea. Faili zipe jina la mwaka na ukurasa, kama 2006_uk012. Karatasi iliyochanika usiibandike selotepu, gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Ifungie kwenye bahasha ya karatasi ndani ya daftari hilo hilo.

---

Mgogo_wa_Kizota

Mwalimu, fanya hesabu kidogo kabla ya kutafuta mawaziri. Aliyeingia kidato cha kwanza 2006 alikuwa na miaka 13 hadi 15, maana yake alizaliwa kati ya 1991 na 1993. Alimaliza 2009. Huyo ndiye mkubwa kuliko wote mlionao, na bado yuko kwenye thelathini na kitu. Akitokea mtu wa miaka hamsini anadai ni mwanafunzi wenu, ama ni QT (mtihani wa maarifa kwa wasiopita mfumo wa kawaida) na mtihani wa kujitegemea, ama amechanganya shule.

Kwa umri huo watu wenu mashuhuri watakuwa diwani, muuguzi mfawidhi, mchezaji, mtangazaji, fundi mwenye karakana inayojulikana mji mzima, mwalimu aliyepelekwa kuwa mkuu wa shule akiwa bado kijana. Hao wanatosha. Anayesoma ubao ni mtoto wa kidato cha pili anayetembea kilomita nne kuja shule, na diwani anayemwona kwenye mkutano wa kijiji atamgusa kuliko waziri asiyewahi kumwona.

---

HistoriaYaKati

Nachangia hilo la Mazengo, maana ndilo litakalowaletea ugomvi.

Msiwaingize. Mazengo ilianza ikiitwa Alliance, shule ya makanisa ya Kiprotestanti, baadaye ikawa ya serikali na kupewa jina la Mtemi Mazengo wa Wagogo. Majengo yake, yaliyoko eneo la Kikuyu hapa Dodoma, sasa ni Chuo Kikuu cha St John's, kilichoanza 2007. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuandika "Alliance Dodoma" kwenye wasifu wake na mdogo wake akaandika "Mazengo", na wote wamekaa darasa lile lile. Shule hiyo ina historia yake na watu wake. Shule ya kata iliyozaliwa 2006 haiwezi kuirithi kwa sababu tu iko jiji hilo hilo. Mkiwabandika hapo, siku mmoja wao akialikwa kwenye mahafali yenu atauliza ni lini alisoma hapo, na hamtakuwa na jibu.

Na jambo dogo ambalo watoto huliuliza kila mara: Mtemi Mazengo hakusoma Mazengo. Jina la mtu kwenye geti la shule halimfanyi kuwa mwanafunzi wake. Kuna orodha huko mtandaoni zinazofanya kosa hilo bila aibu.

Ugumu wenyewe uko kwenye majina ya mahali. Katika ukanda wetu mtu akisema "nilisoma" sehemu fulani, uliza swali la pili: chuo, shule au kambi?

Mpwapwa kuna sekondari, kuna chuo cha ualimu, na kuna mafunzo na utafiti wa mifugo. Wote watakwambia "nimesoma Mpwapwa" na wote ni wakweli. Msalato kuna sekondari ya wasichana na kuna chuo cha theolojia cha Kanisa Anglikana, kwa hiyo mchungaji anayesema alisoma Msalato msimcheke. Mzumbe, kule Morogoro, kuna sekondari ya wavulana na kuna chuo kikuu ambacho zamani kilikuwa IDM, yaani Chuo cha Uongozi wa Maendeleo.

Kongwa ndiyo ngumu kuliko zote. Wakati wa mpango wa Waingereza wa kulima karanga palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu. Ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1950, nafasi yake ilichukuliwa na shule ya St Michael's na St George's kule Iringa. Hiyo ya Iringa ndiyo ikaja kuwa sekondari ya Mkwawa, na 2005 ikageuka Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Wakati huo huo Kongwa yenyewe, kuanzia miaka ya 1960, ikawa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Samora Machel alikuwapo Kongwa. Alikuwapo kambini, akiwa na wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Ukimwandika kwenye orodha ya wanafunzi wa sekondari yoyote ya Kongwa umepotosha historia mbili kwa mstari mmoja.

Tukiwa hapo hapo Mkwawa: John Magufuli alisoma kidato cha tano na sita Mkwawa, 1979 hadi 1981, kisha akaingia Chuo cha Ualimu Mkwawa. Jina ni moja, hatua za elimu ni mbili. Mwandishi makini huandika "Mkwawa, kidato cha tano na sita, 1979–1981", na mzembe huandika "Mkwawa" akaliachia hapo, msomaji akadhani ni chuo kikuu cha leo.

Kuhusu yule mwalimu wenu wa kujitolea, mfano ulio wazi ni Pugu. Mwalimu Nyerere alifundisha St Francis Pugu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi alipojiuzulu 1955. Yeye mwenyewe alisoma Tabora. Benjamin Mkapa ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa Pugu. Wote wawili ni fahari ya shule ile, lakini mmoja anakaa kwenye safu ya walimu na mwingine kwenye safu ya wanafunzi. Mwalimu wenu naye mpeni safu yake: "Waliofundisha hapa". Hatakuwa amepungukiwa kitu.

Shule ikibadili jina, andika jina la wakati ule kwanza, la sasa kwenye mabano. Getrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing 1995, alisoma Marian College, Morogoro (sasa Kilakala). Ukiandika Kilakala peke yake umeificha shule ya masista, ukiandika Marian peke yake kijana wa leo hajui aitafute wapi.

Kwa wabunge, tovuti ya Bunge ina ukurasa wa kila mbunge wenye historia ya elimu: jina la shule, mwaka wa kuanza na wa kumaliza. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini kumbuka taarifa hizo hutolewa na wahusika wenyewe, na majina ya shule hufupishwa, kwa hiyo bado rejista ndiyo inayoamua.

Hao wazee wapeni kitu kingine cha kujivunia. Fremu ndogo pembeni ya ubao, yenye aya moja juu ya sekondari zilizotangulia Dodoma, Mazengo ikiwemo, bila orodha ya watu. Hapo heshima yao imekaa na ubao wenu umebaki msafi.

---

MwalimuWaKata

Asanteni sana wakuu. Hilo la namba ya P limefungua macho.

Naongeza mawili. Kwanza, "kujulikana" kupimwe vipi? Kila mtu analeta ndugu yake. Pili, mmoja kati ya hao 41 ameshasema hataki jina lake liwekwe, na wajumbe wa kamati wanasema shule haihitaji ruhusa kwa kuwa ni jambo jema.

---

WakiliMdogo

Hilo la pili lina sheria yake, na "ni jambo jema" si kifungu cha sheria.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake. Jina, picha, mwaka wa kuzaliwa na shule aliyosoma mtu ni taarifa binafsi. Zilikusanywa ili kumwandikisha na kumfundisha. Kuzitoa kwenye rejista na kuzitundika barazani ni matumizi mengine, na njia salama ni idhini ya mwenyewe. Aliyekataa amekataa, hata kama ni kaka wa mjumbe. Asitajwe hata kwa mzunguko wa "mhitimu wetu mmoja mchezaji maarufu wa timu fulani".

Fomu ya idhini haihitaji mwanasheria. Ukurasa mmoja unatosha: jina kamili kama anavyotaka lisomeke, miaka aliyosoma na kama alihitimu au alihama, maneno yasiyozidi kumi ya kumtambulisha, anakubali au hakubali picha, anakubali au hakubali kuwekwa pia kwenye mtandao wa shule, na sentensi inayosema anaweza kuomba kuondolewa wakati wowote. Anasaini, mkuu wa shule anasaini, nakala moja anabaki nayo. Walioko mbali wapige picha fomu iliyosainiwa waitume, kisha ichapishwe na kuingia kwenye faili. Ujumbe wa "sawa mwalimu" wa WhatsApp usiuhesabu kuwa idhini, kwa sababu simu hupotea na mkuu wa shule huhamishwa.

Ukiweka mtandaoni ni jambo zito zaidi kuliko ukutani. Ukuta unasomwa na wanaofika. Mtandao unasomwa na kila mtu, na ukifuta leo nakala imebaki kwa mwingine. Tarehe za kuzaliwa, majina ya wazazi, namba za mtahiniwa na alama zibaki kwenye faili. Picha za rejista mlizopiga zisikae kwenye simu ya mtu binafsi baada ya kazi kuisha. Hamishieni kwenye kompyuta ya ofisi yenye nywila, kisha zifutwe simuni.

Marehemu ni suala la ubinadamu: mwendeeni mke, mume au mzazi, na mkubaliane maandishi. Familia nyingine zitawaomba msiandike alichofanya, muandike jina na miaka tu.

---

KaraniMasjala

Kuhusu kipimo cha kujulikana, Mwalimu: kamati iandike vigezo kabla ya kuyaangalia majina, isiandike baada. Ukiyaona majina kwanza, vigezo vitakatwa kwa kipimo cha mtu fulani kama suruali ya fundi.

Vinavyofanya kazi ni hivi. Awe na ushahidi wa rejista. Awe na kazi au mafanikio yaliyotajwa na vyanzo viwili visivyotegemeana na visivyo vyake mwenyewe: gazeti, Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge), orodha ya usajili ya klabu, taarifa ya halmashauri, cheti cha tuzo. Ukurasa wake wa Instagram hauhesabiki. Grupu la darasa lake pia halihesabiki, hata wakishuhudia watu mia. Na awe ameondoka shuleni miaka isiyopungua mitano, ili kuzuia ile tamaa ya kumbandika kijana aliyeimba wimbo mmoja mwezi uliopita.

Majina yapigiwe kura na watu watatu wasio na ndugu kwenye orodha, kila mmoja kwa siri, na asiyepata kura mbili anabaki kwenye faili hadi awamu nyingine. Msiandike "amekataliwa". Andikeni "ushahidi haujakamilika", kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyo.

Jambo moja zaidi kuhusu diwani. Cheo kina mwisho. Usiandike "Diwani", andika miaka ya kipindi chake. Ubao unaosema mtu ni diwani wakati kiti kina mwingine unaonekana wa kampeni, na afisa elimu akipita atawaambia muutoe.

---

FundiMabangoDom

Naona wenye kalamu wamemaliza, ngoja tushike misumari.

Flex, lile turubai la plastiki la mabango, ondoa kwenye mawazo. Kwa jua la Dodoma rangi nyekundu huanza kupauka kwanza, halafu njano, na baada ya muda unabaki na jina la bluu juu ya kitu cheupe. Stika zilizobandikwa juu ya mbao huinuka kwenye kona kwa sababu mbao hujinyoosha na kujikunja kati ya masika na kiangazi. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ni nzuri siku ya uzinduzi tu: ikipata mvua ya Januari iliyopeperushwa na upepo, kingo zinavimba kama mkate. Mninga ni mbao ya heshima, lakini bei yake haiendani na fungu lako.

Tumia ile karatasi ngumu ya alumini yenye plastiki katikati, mafundi tunaiita ACP. Chukua ya milimita 4, ukubwa wa 1220 kwa 2440. Rangi ya ubao wenyewe iwe krimu au kijivu hafifu. Nyeusi inachemka na inaonyesha kila chembe ya vumbi.

Siri ya ubao wa majina ni hii: usiyaandike majina moja kwa moja juu yake. Kata vibao vidogo vya alumini, kila jina na kibao chake, milimita 700 kwa 32, maandishi yachongwe kwa mashine kisha mifereji ijazwe rangi nyeusi ya enameli. Kila kibao kishikwe kwa skrubu mbili zisizoshika kutu, moja kila mwisho. Jina likikosewa, au mtu akiomba kuondolewa kama Wakili alivyosema, unafungua skrubu mbili. Ukiwa umechapa ubao mzima, kosa la herufi moja ni kurudia kazi yote.

Hesabu yake ni rahisi. Herufi kubwa zenye urefu wa milimita 20 zinasomeka vizuri ukiwa mita mbili na kidogo, ndio umbali wa mtu anayesimama barazani. Kila mstari upe milimita 40, kibao na nafasi. Ukitoa kichwa cha habari na pambizo, unabaki na mita moja ya kimo, yaani mistari 25. Safu tatu za milimita 700 zinaingia kwenye upana wa 2440 na nafasi inabaki pembeni, kwa hiyo jumla ni majina 75. Kwa herufi hizo kibao kinabeba kama herufi 45 baada ya kuacha nafasi ya skrubu. Jina, miaka na kazi vikizidi hapo, punguza kazi, usipunguze ukubwa wa herufi.

Kufunga: ubao usigande ukutani. Weka vipande vya bomba la plastiki vya milimita 10 nyuma ya kila skrubu ili hewa ipite na vumbi lisirundikane juu yake. Ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa lipu unahitaji plagi za milimita 8 na skrubu zinazoingia angalau sentimita 5. Lipu peke yake haishiki, plagi ikae ndani ya tofali. Matundu manane yanatosha, manne kwenye kona na moja katikati ya kila upande. Tundu la ubao litoboe kubwa kuliko skrubu kwa milimita 2, maana alumini hutanuka mchana. Ukilibana sana ubao utatoa tumbo katikati.

Sehemu nayo ichague kwa akili. Ukuta unaotazama magharibi unapigwa na jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili mwaka mzima. Ule wa kusini-mashariki unapokea upepo wa Juni hadi Oktoba pamoja na vumbi lake lote. Chini ya paa la baraza, ukuta unaotazama kaskazini au ua wa ndani, ndipo pazuri. Kimo: mstari wa katikati uwe mita 1.5 kutoka sakafuni, watoto wa kidato cha kwanza wasinyanyue shingo.

Kusafisha ni kitambaa chenye maji na sabuni ya unga kidogo. Wasitumie steelwool, na wasiruhusu mtu kupaka vanishi juu ya maandishi "yang'ae".

---

MwalimuWaKata

Fundi, majina yatakayopita mchujo hayafiki 20. Hiyo nafasi ya 75 si itaonekana tupu?

---

FundiMabangoDom

Iache tupu. Panga hao 20 kwa mwaka wa kuondoka, juu kushuka, safu ya kwanza tu. Safu ya pili na ya tatu toboa matundu ya skrubu kabisa sasa hivi wakati ubao uko mezani, kwa sababu kutoboa ukiwa ukutani kunakwaruza rangi. Matundu yaliyo wazi yazibe kwa skrubu fupi. Vibao vya akiba kata thelathini siku hiyo hiyo kutoka karatasi moja ya alumini, uvifungie ofisini. Ukirudi kununua baada ya miaka mitatu hutapata rangi inayofanana.

---

KaraniMasjala

Na nyuma ya kila kibao, kabla hujakifunga, andika kwa kalamu ya alama isiyofutika namba ya uandikishaji na ukurasa wa rejista. Mkuu wa shule atahama, kamati itavunjika, lakini anayebisha kwamba fulani hakusoma hapo atafungua skrubu mbili na kujua aende ukurasa upi.